Tarehe Chini ya Mifuniko ya Saa

Habari ilinifikia asubuhi, saa nne kasorobo, nikiwa kazini kwenye kiwanda cha mikate, unga umenifika viwikoni. Simu ililia mfukoni mwa aproni, ikakatika, ikalia tena. Aliyekuwa akipiga ni Mzee Dakika, fundi saa ambaye kibanda chake kinatazamana na cha baba yangu. Katika miaka yote niliyomjua, mzee huyu hakuwahi kunisalimia bila kutanguliza utani. Siku hiyo hakutania.

"Mwanangu, nawa mikono kwanza," alisema. "Nawa, ujifute, halafu nikwambie."

Nikajua. Nilinawa polepole kwa sababu sikutaka kusikia. Maji yalitiririka meupe, nikangoja yawe safi, hayakuwa safi, nikaishika simu vilevile.

"Tangu saa mbili na nusu namwona kainamia meza," akasema. "Nikadhani anasikiliza saa. Si unamjua, anasikiliza saa kama daktari. Nikamrushia neno, kimya. Nikamrushia la pili, baya kuliko la kwanza, kimya. Ndipo nikavuka barabara. Mwanangu, barabara ile nimeivuka miaka thelathini na tano, sijapata kuiona ndefu vile."

Baba alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mungu alimkuta kazini, lenzi ikiwa jichoni na saa ya mtu ikiwa wazi mbele yake.

Kanisani waliniomba wasifu wa marehemu, wakanipa nusu ukurasa. Nikaandika alikozaliwa, alivyohama, kazi yake, na kwamba alipata uraia wa nchi hii. Maneno hayo machache yalimeza mwaka mzima wa maisha yetu, mwaka ambao hadi leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Kwa hiyo nauandika hapa, kwa ajili ya wajukuu zake, na kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi akingoja jina lake liitwe.

Baba alivuka mpaka akiwa na miaka thelathini na sita, mimi mgongoni, na mkebe wa biskuti mkononi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Ndani ya mkebe hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na bisibisi saba, vibano viwili, brashi, chupa ya mafuta ndogo kama kidole, na ile lenzi nyeusi ya kubana jichoni. Mama alikuwa amefariki siku niliyozaliwa. Kwetu kulikuwa kumeharibika, nyumba zimeteketea, na baba aliona heri awe mgeni aliye hai kuliko mwenyeji aliye kaburini.

Alipata nafasi chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali pa meza moja na kiti kimoja. Mteja akikaa, fundi anasimama. Tukapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Watu wakamwita Fundi Jicho kwa sababu ya ile lenzi, na mimi nikawa Binti Jicho hadi shuleni.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Mzee Dakika, mzaliwa wa mji ule, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi. Jina hilo alipewa na wateja, maana kila ukimwuliza saa yako itakuwa tayari lini alijibu, "Dakika moja tu," na dakika hiyo ilichukua wiki. Alimchokoza baba tangu siku ya kwanza.

"Wewe mgeni, huko kwenu mlikuwa na saa au mlikuwa mnamwuliza jogoo?"

"Tulikuwa na jogoo," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini hakutuambia dakika moja halafu akakaa wiki."

Mke wa Mzee Dakika alikuwa mtu wa namna nyingine. Baba alipochelewa kazini, nilikula kwake. Utani ulikuwa wa barabarani; ukiingia ndani kwao, unakuta sahani yako imefunikwa.

Sasa nieleze njia yenyewe, maana wengi hudhani uraia ni karatasi unayokwenda kuichukua dirishani. Aliyezaliwa hapa na wazazi wa hapa haombi kitu. Aliyeoa au kuolewa hapa anangoja miaka mitatu. Sisi wengine tulipaswa kukaa miaka kumi mfululizo, kadi ya ukaazi ipigwe muhuri kila mwezi wa kwanza. Ndipo unaomba. Unapimwa lugha na historia, unaleta wadhamini wawili walio raia, majirani wanaulizwa habari zako, na mwisho, ukikubaliwa, unaapa. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane huandikwa kwenye faili la mzazi wake, na siku mzazi anapoapa, naye anakuwa raia.

Mzee Dakika alimshauri mapema. "Oa bwana. Hiyo ndiyo njia ya mkato. Dada yangu yupo, mjane, ana meno yote."

"Nikimwoa kwa sababu ya karatasi," baba akasema, "siku karatasi ikitoka nitamwambia nini?"

"Utamwambia asante."

Baba akacheka, akarudi kwenye saa yake. Alichagua njia ndefu. Tena hakuwa na haraka hata miaka kumi ilipotimia. Aliogopa ofisi. Mtu aliyekimbia nyumba yake usiku mmoja hapendi kusimama mbele ya mwenye kalamu. Alikuja kuomba nilipokuwa na miaka kumi na saba, na aliomba kwa ajili yangu. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita akamwambia kwamba siku nitakapotimiza kumi na minane kibali changu cha mtoto kitakufa, nitahesabiwa mgeni mtu mzima, na ile miaka kumi itaanza kuhesabiwa upya kwa jina langu. Ningekuwa mgeni peke yangu ndani ya nyumba ya baba yangu.

Alijaza fomu. Usiku na mchana tulisoma historia ya nchi, mimi nauliza, yeye anajibu huku anasafisha magurudumu madogo kwa brashi. Siku ya mtihani alijibu kila swali na kuongeza ambayo hakuulizwa. Ilipofika zamu ya wimbo wa taifa, msimamizi alisikiliza mstari mmoja, akamwomba kwa upole ayasome tu maneno.

Kisha tukaitwa kwa afisa wa uraia. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo, anasoma kila karatasi kwa kuishusha rula mstari baada ya mstari. Rula ilishuka, ikashuka, ikasimama.

"Mzee, hii kadi yako ya ukaazi. Mihuri ya mwaka wa sita, wa saba na wa nane. Umeisoma?"

"Imeandikwa 'Imekaguliwa', mama."

"Hiyo ni katikati. Soma pembezoni."

Baba alitoa lenzi, akaibana jichoni, akaiinamia kadi yake mwenyewe kama saa ya mteja. Nilimwona masikio yakibadilika rangi.

"Idara ya Mifugo," akasema.

Karani wa meza ya jirani alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa sita ofisi ya wahamiaji ilihamishwa upande wa pili wa mji, na chumba chake kikapewa watu wa mifugo. Benchi lilikuwa lilelile, dirisha lilelile. Baba alikwenda mwezi wa kwanza kama kawaida, akasimama kwenye foleni nyuma ya watu wenye vyeti vya chanjo ya ng'ombe, hakuuliza, hakuulizwa. Kijana wa dirishani akapiga muhuri. Baba akasema asante. Hivyo miaka mitatu, mpaka mlinzi mmoja alipomwelekeza ofisi mpya. Mtu aliyeweza kuona unywele ndani ya saa hakuusoma muhuri wenye upana wa kisoda.

"Kwa karatasi hizi," afisa alisema, "mwaka wa kwanza hadi wa tano ulikuwa hapa, na wa tisa hadi sasa uko hapa. Katikati ulikuwa ng'ombe. Siwezi kuandika hivyo." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mfululizo umekatika, mzee. Huna miaka kumi upande huu wala upande ule. Kiapo kijacho ni wiki saba kutoka leo. Binti anatimiza miaka lini?"

"Siku tisa baada ya hapo," nilisema mimi.

Aliiweka rula kando. "Nileteeni ushahidi kwamba alikuwa hapa miaka hiyo mitatu. Wa kuonekana kwa macho, wenye tarehe. Nawapa siku ishirini na moja. Maneno ya majirani peke yake hayatoshi."

Hatukuwa na chochote. Chumba tulipangishwa kwa mdomo. Shule yangu iliandika jina langu, siyo lake. Tulirudi, na Mzee Dakika, aliyekwisha kusikia habari kabla hatujavuka barabara, alikuwa anatungoja.

"Fundi Ng'ombe," akaita. "Umechanjwa lakini?"

Baba alikaa kwenye kiti chake, kiti cha mteja, akaweka mikono juu ya meza. Mzee Dakika alimwangalia, akavuka, akasimama mbele yake, utani umemwisha mdomoni.

"Wee," akasema, "mbona unalia kama huna ushahidi? Ushahidi wako mimi nausoma kila siku. Umeuandika kwenye kila saa ya mji huu."

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo nilikuwa nimekua nalo bila kuliona. Fundi saa wa kweli akimaliza kutengeneza saa, kabla hajafunga mfuniko wa nyuma, hukwaruza kwa sindano, upande wa ndani, alama yake na tarehe. Hufanya hivyo ili saa ikirudi ajue aliifungua lini mara ya mwisho. Mwenye saa haoni. Anaivaa miaka na miaka, tarehe ikiwa imelala juu ya mshipa wake. Alama ya baba ilikuwa mstari mdogo wenye nukta juu yake, kama mshumaa. Ya Mzee Dakika ilikuwa duara.

"Basi twende tukazikusanye," nikasema.

Baba akatikisa kichwa. "Saa ikishatoka mkononi mwangu si yangu. Siwezi kwenda kuvua watu saa zao."

"Nani amekwambia utakwenda wewe?" Mzee Dakika akasema. "Kaa hapo na aibu yako. Binti, vaa viatu."

Tulizunguka wiki mbili, kila siku baada ya shule na Jumamosi kutwa. Yeye alikuwa na kichwa cha ajabu, anakumbuka saa kuliko watu. Hakusema "twende kwa muuguzi," alisema "twende kwa ile ya kike yenye mkanda uliokatika." Alisimama mlangoni, akafungua mfuniko kwa kisu kidogo, akatazama, akasema ndiyo au siyo. Muuguzi alivua yake papo hapo. "Leo nitahesabu mapigo ya wagonjwa kwa kukisia," akasema, "Mungu awasaidie." Kinyozi alitupa ya kwake na ya shemeji yake, shemeji mwenyewe hajaulizwa. Mama mmoja mjane alileta saa ya mumewe ikiwa imefungwa kwenye leso. Mzee Dakika alipoifungua, alinipa lenzi nami nitazame kwa mara ya kwanza.

Sijui niseme vipi. Chini ya mfuniko ule, mahali pasipofika jua, palikuwa na mwandiko wa baba yangu, mdogo kuliko punje ya mchele. Mshumaa. Siku, mwezi, mwaka. Ulikuwa mwaka niliokuwa darasa la pili. Siku hiyohiyo huenda alinifunga kamba za viatu asubuhi, kisha akaenda akaandika pale kitu ambacho hakukusudia kisomwe na mtu yeyote ila yeye. Nilimwonyesha yule mama. Alitazama, akakaa chini kwenye ngazi ya mlango wake.

"Amezikwa mume wangu," akasema, "na mimi sijui kwamba saa yake ina maandishi."

Tangu siku hiyo, nikisikia mhubiri anasema Mungu anayajua ya sirini, mimi huona ndani ya mfuniko wa saa.

Siku ya ishirini tulikwenda ofisini. Tulikuwa na saa arobaini na tatu kwenye sinia, tumezifunika kwa kitambaa, na Mzee Dakika amebeba kifuani saa ya ukutani ya shule kama mtoto mchanga. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mdhamini wa kwanza, alituandikia barua ya kuiazima.

Afisa alifunua kitambaa, akainua macho. "Mmefungua duka?"

Mzee Dakika alimweleza. Akafungua mifuniko mmoja mmoja, akaipanga kwa mwaka. Baba alimkabidhi afisa lenzi yake kwa mikono miwili, akamwonyesha jinsi ya kuibana kwenye nyusi isidondoke. Yule mama alivua miwani, akainama. Akachukua wa pili. Wa tatu. Alianza kusoma tarehe kwa sauti ya chini, na karani wa meza ya jirani, yule wa kikohozi, akaacha kazi yake akaja kuziandika bila kuombwa. Wengine wakasimama. Chumba kizima, watu wa mafaili na kalamu, kilikuwa kimya, na saa zilizokuwa bado na mifuniko yake zilisikika zikitembea, kila moja na mwendo wake. Niliona kifua changu kinajaa kama niko ibadani.

Kisha akauliza swali la kazi yake. "Nitajuaje kwamba hamkuzikwaruza wiki iliyopita?"

"Tazama chini ya mshumaa, mama," Mzee Dakika akasema. "Kuna duara. Hilo ni langu, na tarehe yake ni ya baadaye. Mimi ni raia wa kuzaliwa, babu yangu ndiye aliyefunga saa ya stesheni. Niko tayari kuapia maduara yangu yote."

"Kwa nini duara liko chini kila mara?"

Mzee Dakika alijikuna shingo. "Kwa sababu walianzia kwake."

"Sikusikia."

"Wateja walianzia kwake, ndipo wakaja kwangu. Andika mama, nisiseme mara ya tatu."

Baba aliinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanacheka. Hata afisa alicheka. Nami nikajiona tayari nimevuka.

Rula ikashuka kwenye orodha ya karani. Ikasimama.

"Mwaka wa saba. Mwezi wa tano mwishoni mpaka wa saba mwanzoni. Hapa naona maduara matupu. Saa sita zilifunguliwa miezi hiyo, zote kwa duara, mshumaa hakuna. Fundi alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaumwa," Mzee Dakika akajibu haraka. "Homa. Homa mbaya sana. Mke wangu ndiye aliyempikia uji."

Afisa akaanza kuandika.

"Sikuwa naumwa," baba akasema.

Nilimshika mkono chini ya meza. Nilijua alikokuwa. Nilikuwa na miaka kumi, na muda wote huo nililala kwa mke wa Mzee Dakika, kitanda kimoja na binti zake. Fomu ilisema wazi, na mimi ndiye niliyemsomea: anayetoka nje ya nchi zaidi ya siku thelathini bila kibali amekata mfululizo wake.

"Nilivuka mpaka," baba akaendelea. "Nilipata habari kwamba mama yangu amefariki. Nilikwenda kumzika. Kwenda, kuzika na kurudi, siku thelathini na nne. Kibali sikuwa nacho. Huyu ndugu yangu anasema homa kwa kunionea huruma. Msimwandike vibaya."

Kalamu ya afisa ilibaki juu ya karatasi. Baadaye alisema, bila ukali, "Mzee, hili lisingejulikana."

"Najua, mama."

"Sasa limetoka mikononi mwangu. Sheria inamruhusu mkuu wangu kusamehe siku za msiba akipenda. Hailazimishi." Akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri. "Niachieni saa."

Nje, Mzee Dakika alimgeukia baba. "Nimedanganya mbele ya serikali kwa ajili yako. Kwa ajili yako! Halafu unanivua nguo hadharani."

"Nisamehe."

"Siku nne tu, we mtu. Siku nne! Ungezimeza siku nne ungekufa?" Akaondoka na saa ya shule mkononi, amesahau kwamba alipaswa kuiacha ofisini. Ikabidi arudi nayo, na kupita mbele yetu tena bila kutuangalia.

Na mimi sikuwa mwema kuliko yeye. Nyumbani nilimwambia baba maneno ambayo nimemwomba Mungu toba kwa ajili yake mara nyingi. Nilimwambia bibi alikwisha kufa, asingejua kama amezikwa kwa siku thelathini au thelathini na nne. Nilimwambia ukweli wake ameununua kwa maisha yangu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakunikaripia.

"Mwanangu," akasema, "nilikwenda pale kuwaomba wanipe nafasi ya kuapa. Sasa mtu aanze kwa uongo, halafu anyooshe mkono aape? Kiapo hicho kitakuwa cha nini?" Kisha akasema, "Kama ni kuanza upya, nitaanza upya na wewe. Tutahesabu pamoja."

Tulingoja siku kumi na tisa. Baba alikwenda kazini kila asubuhi, alifunga kila jioni. Mzee Dakika hakumchokoza hata mara moja, na barabara ile ilikuwa kama imefiwa. Nilisali nikiwa natembea, nikiwa darasani, nikiwa nafua. Sikumwomba Mungu uraia tena. Nilimwomba aniwezeshe kumtazama baba usoni.

Barua ililetwa na tarishi wa ofisi, pamoja na sinia letu. Ilikuwa fupi. Ilisema ushahidi wa miaka mitatu umepokelewa, na kwamba kutokuwepo kwa mwombaji kwa ajili ya mazishi ya mzazi, kulikotamkwa na mwombaji mwenyewe, kumesamehewa. Chini yake yalikuwa majina mawili, la baba na langu, na tarehe ya kiapo.

Baadaye yule mama afisa alituambia kwamba mkuu wake aliisoma taarifa mara mbili, akaomba aletewe sinia, akaomba na lenzi, akafunga mlango. Alikaa na saa zile mpaka wakati wa kufunga ofisi. Alipotoka alikuwa amekwisha kusaini. Alisema tu, "Huyu alikuwa hapa."

Siku ya kiapo tulikuwa watu sitini na wawili ukumbini. Walikuwapo wazee, mapacha wachanga, na mwanamume mmoja aliyevaa suti ambayo lebo yake ilikuwa bado mkononi. Tuliambiwa tusimame, tunyooshe mkono wa kulia. Nilisimama nyuma ya baba. Alitamka kila neno polepole, kama anaogopa kulivunja. Sijapata kusikia neno la mwanadamu lenye uzito vile, wala sijui kama nitasikia tena. Wimbo ulipopigwa aliimba kwa nguvu zote, vibaya sana, na hakuna aliyemwambia asome.

Mzee Dakika alikuwa mlangoni, amevaa koti. "Haya, raia," akasema. "Sasa ulipe kodi kama sisi, uache kujidai." Wakashikana mikono, wakasahau kuachana.

Miaka ishirini iliyofuata ilikuwa ya kawaida, namshukuru Mungu kwa hilo. Simu ziliua nusu ya kazi yao. Wazee wale wawili walibaki, mmoja upande huu, mmoja upande ule, wakitukanana kwa mapenzi. Baba alipiga kura kila uchaguzi, anafika kituoni kabla ya msimamizi. Nilipata kazi, nikaolewa, nikazaa watoto watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa ana miaka mingapi hapa.

Tulimzika Alhamisi. Asubuhi nilikwenda na mume wangu kwa msajili wa vifo kuchukua kibali cha mazishi. Msichana wa pale aliuliza jina, umri, kazi, kisha akauliza, "Uraia?" Nikasema, "Raia." Akaandika, akaendelea na swali lililofuata. Makaburi ya manispaa yako nyuma ya shule ya ufundi. Tulipewa nafasi safu ya nane, karibu na ukuta. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mchungaji alisali, nami nikasoma ile nusu ukurasa mpaka mwisho. Jeneza lilishushwa na shemeji zangu wawili, mume wangu, na kijana wa Mzee Dakika, maana mzee mwenyewe magoti hayamruhusu. Yeye alisimama kando, ameshika kofia. Nilitia udongo, watoto wakatia, majirani wakatia, naye akaja wa mwisho akishikwa mkono, akainama kwa shida, akatia wake. Tuliimba wimbo mmoja. Ilipofika saa kumi jioni wachimbaji walikuwa wamemaliza kusawazisha, tukaweka maua, tukarudi nyumbani.